Ufundi wa Sauti (4): Treki ziko wapi?

Habari kwamba Serikali inataka muziki wa singeli utambuliwe na UNESCO kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni zimenifurahisha, na furaha hiyo ndiyo iliyovuruga ratiba ya makala haya. Juma hili nilikusudia kufungua programu ya kurekodi treki nyingi na kuanza kazi, kama nilivyoahidi tulipofunga mjadala wa maiki na chumba. Tutaifungua. Lakini kwanza nina la kusema, na wasomaji walionizoea wanajua kwamba nikianza hivyo nitakula nafasi.

Rumba ya Kongo iliingia kwenye orodha ya urithi huo Desemba 2021, kwa ombi la Kongo zote mbili. Orodha yenyewe inaangalia mambo yanayoishi mikononi mwa watu: uchezaji, upishi, ufundi, sherehe. Haitunzi kanda wala faili. Kwa vitu vya kuwekwa kabatini UNESCO ina mpango mwingine, Kumbukumbu ya Dunia, ulioanza 1992, na humo Tanzania si mgeni. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ziliingizwa 1997, na miswada ya Kiarabu ya Zanzibar ikafuata 2003. Zote mbili ni karatasi. Sina ugomvi na karatasi, ndizo zilizonilisha maisha yangu yote. Ila najiuliza: siku tukitaka kupeleka sauti, tutabeba nini? Ngoma iliyotikisa Tandale na Manzese miaka michache tu iliyopita, ukiitafuta leo utaikuta kwenye simu ya mtu, imebanwa na kubanwa tena kwa kurushwa WhatsApp, na jina la faili ni tarakimu tupu.

Wenye umri wangu wanaikumbuka Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Pale ndipo ilipokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Utangazaji wetu ulianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, 1956 ukawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na 1965 ikazaliwa RTD. Kwa miaka mingi bendi iliyotaka kusikika nchi nzima ilipitia mlango ule: NUTA Jazz iliyoundwa 1964, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa tunaiita Msondo Ngoma, Vijana Jazz ya Hemedi Maneti, Dar International ya Marijani Rajabu, Maquis waliotoka Kongo, na DDC Mlimani Park, Sikinde yenyewe, iliyoanzishwa 1978, ya kina Michael Enoch, Muhidin Gurumo na Bitchuka. Santuri ilikuwa habari nyingine. Aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Nairobi, ndiko zilikokuwa kampuni na mitambo ya kuzichapa. Mbaraka Mwinshehe alikwenda, na wengi wengine.

Studio ya RTD haikuwa na treki za kuchezea, yaani nafasi ya kurekodi kila sauti peke yake. Bendi nzima iliingia, ikajipanga, ikapiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na fundi akaupokea ukiwa umekwisha kuchanganyika, palepale utepe ukizunguka. Mpiga besi akiteleza kwenye kiitikio cha mwisho, wote mnarudi mwanzo, pamoja na mwimbaji aliyekwisha kuimba vizuri kuliko atakavyoimba tena siku hiyo.

Katika kurekodi kwa namna hiyo, popote duniani, kuchanganya sauti hufanywa kwa miguu. Tarumbeta na saksofoni hurudishwa nyuma, mwimbaji husogezwa kwenye maiki, spika ya gitaa la solo hugeuzwa shingo kidogo. Tulishaona kwamba mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6, na kwamba chumbani hushuka kwa kiasi kidogo zaidi kwa kuwa kuta zinairudisha. Fundi wa wakati ule aliifanya hesabu hiyo kwa sikio, akisimama nyuma ya kioo, akimwonyesha mpulizaji kwa mkono: rudi, rudi, hapo hapo. Uamuzi wake haukuwa na rufaa. Gitaa lililomezwa lilibaki limemezwa.

Mimi nazipenda rekodi zile kupita kiasi, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Chukua wimbo wowote wa Sikinde wa miaka ile, vaa hedifoni, sahau sauti ya mbele. Fuata gitaa la pili peke yake, lile linalojibu, ambalo kwenye redio ya mkulima lilikuwa likipotea. Subiri tarumbeta ziingie. Utasikia kwamba hazikuja peke yake: zimeingia pia kwenye maiki ya waimbaji, zikiburuta mwangwi wa chumba kizima. Tumba nazo zimepenya kwenye maiki ya gitaa. Kila maiki imesikia kila kitu, na ndiyo maana ule muziki una mwili. Ndiyo maana pia hauwezi kufumuliwa. Wimbo uliochanganywa hivyo ni ugali uliokwisha kusongwa, huwezi kumrudishia mtu unga wake.

Kuna watakaoniambia kwamba siku hizi akili mnemba inafumua. Nimeifuatilia. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter, inayogawa wimbo katika mafungu mawili, manne au matano. Novemba 2023 The Beatles walitoa wimbo "Now and Then" baada ya kuichomoa sauti ya John Lennon kutoka kwenye kaseti ya nyumbani iliyokuwa na piano juu yake. Ni kazi ya kuvua kofia. Lakini tazama mafungu manne yenyewe: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na mengineyo. Fungu la tano ni piano. Sasa ipe programu hiyo Sikinde. Magitaa yote yanayosukana na safu nzima ya tarumbeta vitarundikwa kwenye "mengineyo", yaani kile ambacho kwetu ndicho muziki wenyewe. Programu hizi hukisia kwa kufuata muziki zilizofunzwa nao, na muziki huo kwa sehemu kubwa haukupigwa Buguruni.

Aliyetutoa kwenye kifungo cha kurekodi kwa mkupuo ni mpiga gitaa Mmarekani, Les Paul. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimpelekea mashine ya treki 8, kwa dola 10,000, naye akaiita Pweza. Watu wa pwani tuna haki ya kulipenda jina hilo. Lakini uzuri wa mashine ile haukuwa wingi wa mikono. Utepe hupita kwanza kwenye kichwa cha kurekodia, kisha kichwa cha kusikilizia. Ukiimba leo huku ukisikiliza gitaa ulilopiga jana, gitaa unalisikia kwenye kichwa cha pili na sauti yako inaandikwa kwenye kichwa cha kwanza, na kati ya vichwa hivyo kuna umbali. Uwe wa sentimita 4 tu, utepe ukienda sentimita 38 kwa sekunde, sauti yako itakuwa imekosana na gitaa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mwanamuziki huo ni mwaka mzima. Dawa ya Ampex ilikuwa kuvifanya vichwa vya kurekodia vyenyewe visikilizishe treki za zamani, huku treki mpya ikiandikwa pembeni, kwenye mstari uleule. Ishikeni hesabu hiyo, tutaikuta tena ndani ya laptopu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole kuliko vijana wanavyodhani. The Beatles walirekodi albamu ya Sgt. Pepper's, iliyotoka 1967, kwa mashine za treki 4. Treki zikijaa, walizichanganya na kuzihamishia kwenye mashine nyingine, wakapata nafasi, wakaendelea, bila uwezo wa kurudi nyuma. Mwaka 1979 ikaja Portastudio ya Tascam, iliyobana treki 4 kwenye kaseti ya kawaida, na studio ikaingia chumbani kwa mtu. Katika miaka yote hiyo kulikuwa na kitu kimoja ambacho wanahistoria wa muziki hawakitaji, nami nakitaja kila nipatapo nafasi: karatasi ya treki. Ndani ya boksi la kila utepe iliwekwa karatasi yenye visanduku. Treki ya kwanza, besi. Ya pili, ngoma. Ya tatu, mwimbaji, ametumia maiki fulani, tarehe fulani. Ya nne, usiifute, kuna vigelegele mwishoni. Fundi akifa leo, mwingine anafungua boksi kesho na kuendelea. Utepe ulikuwa ghali, ulikuwa mkubwa, ulichukua rafu nzima, na kwa sababu hiyo watu waliuheshimu na kuuandika.

Sisi hatukupita njia hiyo. Dar es Salaam iliruka kutoka kwenye bendi inayorekodi kwa mkupuo hadi kwenye kompyuta. Studio binafsi za miaka ya 1990, za kina Master J, P-Funk Majani wa Bongo Records na Mika Mwamba aliyetoka Finland, ndizo zilizoipa bongo fleva sauti yake. Kazi iliyozaa "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay mwaka 2001, au iliyompandisha Juma Nature na TMK Wanaume kutoka Temeke hadi midomoni mwa nchi nzima, ilikuwa kazi ya vyumba vidogo vyenye mashine chache. Na huku uswahilini mchiriku ulikuwa na ufundi wake: vinanda vidogo vya Casio vikipigwa kupitia spika zilizokwisha kuzidiwa, manyanga, ngoma, na kaseti. Jagwa Music waliubeba muziki huo hadi Ulaya. Aliyeudharau wakati ule kwa kuuita kelele ndiye baba wa anayeiita singeli kelele leo, na mtoto amefanana na mzazi.

Kutoka kwenye mchiriku na vipande vya taarabu vilivyokimbizwa ikazaliwa singeli, ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, iliyopikwa kwenye kompyuta za kawaida kabisa. Studio ya Sisso huko Mburahati ni mfano unaojulikana sasa nje kuliko ndani: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", na dunia ikageuza shingo. Kwa kipimo chochote huo ni ushindi. Lakini tazama kilichotokea kwa mafundi wetu. Kompyuta iliwapa treki bila kikomo kabla hawajafundishwa kuishi na treki nne. Hawakupewa boksi, wala karatasi ya ndani ya boksi. Walipewa kitufe cha kufuta.

Hivi karibuni alinijia kijana kutoka Mbagala Rangi Tatu, prodyuza, mpole, mwenye sikio kali kuliko langu. Ngoma yake inapigwa kwenye daladala. Mtu wa matangazo ameitaka, ila bila sauti ya mwimbaji, na ngoma za chini zipunguzwe ili msemaji asikike.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Treki ziko wapi?"

Akanipa flashi. Nikaichomeka. Ndani mlikuwa na faili moja la mp3, halifiki megabaiti 4.

"Hii ni ngoma, mwanangu. Mimi nauliza treki."

"Mashine ilijaa mzee, nikafuta. Ila ngoma si hiyo ipo?"

Ipo, lakini ipo kama zilivyopo rekodi za Barabara ya Pugu, na yeye hana kisingizio cha Barabara ya Pugu. Wale hawakuwa na treki. Yeye alikuwa nazo, zaidi ya ishirini, kila moja na nafasi yake, akazitupa ili apate nafasi ya kuhifadhi filamu. Kazi ya matangazo ilimpita. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba kesho akidai biti ni lake na mwingine akidai ni lake, wote wawili watakuwa na mp3 ileile. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, tuna COSOTA inayoisimamia, lakini sijui ni hakimu gani atakayemtambua mpishi kwa kuonja ugali. Mwenye treki ana ushahidi ambao mwizi hawezi kuutengeneza usiku mmoja.

Sasa tufike kwenye programu, maana hata pale ambapo mtu hakufuta, treki hupotea kwa njia ya kijinga zaidi. Faili la mradi na sauti yenyewe ni vitu viwili. Programu nyingi huandika kwenye faili la mradi maelekezo tu: chukua sauti fulani kutoka folda fulani, ianze sekunde ya 12, ishushwe desibeli 3. Sauti zenyewe zimelala kwingine. Audacity, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka 2000, kwa miaka mingi ilihifadhi mradi kama faili dogo pamoja na folda iliyojaa vipande vya sauti. Watu wakanakili faili dogo kwenye flashi, wakaiacha folda, wakafika studio nyingine wakafungua ukimya mtupu. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 vyote vimewekwa kwenye faili moja, na ninawashukuru. Faili la mradi la Reaper ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu ya kuandikia barua utayasoma mwenyewe, pamoja na anwani za sauti ambazo huenda hazipo tena. FL Studio, mfalme wa uswahilini, iliyozaliwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa jina la FruityLoops, nayo hailibebi biti lako lote ndani ya faili la mradi, isipokuwa umeiamuru ifunge kila kitu kwenye kifurushi kimoja.

Na FL Studio ina jambo jingine ambalo kila anayeanza anapaswa kulijua. Toleo la majaribio ni la bure, linafanya karibu kila kitu, linakubali hata kuhifadhi mradi. Lisilokubali ni kuufungua tena mradi uliouhifadhi, mpaka ulipie. Basi kijana anafanya nini? Anamaliza ngoma usiku huohuo, anatoa mp3, anafunga, na mradi unabaki nyuma ya kufuli. Au anatafuta toleo lililochakachuliwa, ambalo leo linafunguka na kesho limeleta virusi vilivyokula diski nzima. Programu ya kuibwa haimfundishi mtu kutunza chake, hilo nimeliona, na sitalirudia kwa sababu mhariri ananiambia nimekwisha kulisema kwenye sehemu ya pili. Kwa mfuko mdogo, Audacity ni ya bure kweli, LMMS ni ya bure na inatengeneza biti, na Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote, kisha leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Hizo si fedha kidogo Yombo. Lakini ukimlipa prodyuza mara chache umezimaliza.

Nchi yetu ina utaratibu wa wachapishaji kuwasilisha nakala za vitabu Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kitabu cha kurasa 40 cha shairi baya kinapelekwa pale na kutunzwa. Kwa nini ngoma isipelekwe? Hoja yangu, ambayo nimeipigia kelele mbele ya watu wenye viti vizuri kuliko changu, ni kwamba anayesajili wimbo atoe na treki zake zilizotenganishwa, zifungiwe kwa miaka watakayokubaliana ili asiibiwe, kisha zifunguliwe kwa wanafunzi na watafiti. Mtu wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, anayefundisha muziki wa kisasa asikilize besi ya singeli peke yake, aione ilivyokaa. Kila mara nimejibiwa kwamba nafasi ya kuhifadhia ni ghali. Tufanye hesabu. Treki moja ya sauti moja, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, hula baiti 144,000 kila sekunde, yaani kama megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 20 unakaribia megabaiti 700. Flashi ya gigabaiti 32, inayouzwa Kariakoo kwenye meza za barabarani, inachukua nyimbo zaidi ya 40 za namna hiyo. Ulinganishe na rafu za tepe. Kinachokosekana si nafasi.

Nimebakiwa na safu moja, na somo lenyewe halijaanza. Basi haraka.

Fungua programu. Kabla ya kugusa chochote tengeneza folda yenye jina la wimbo na tarehe, uhifadhi mradi ungali mtupu ndani yake, ili kila sauti itakayorekodiwa iangukie humo. Chagua biti 24, na sampuli 44,100 au 48,000. Ukishachagua usibadili katikati. Weka kasi ya mapigo kabla ya kurekodi, maana gridi yote inaifuata. Kila treki ipe jina kabla haijaingia sauti. Treki iitwayo "Audio 17" ni mtoto wa mtaani. Andika "besi", "kinanda 1", "MC ubeti wa 2".

Kiwango: vilele vya sauti vikae kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Najua singeli inapenda kuungua. Iunguze baadaye, kwenye treki ya nakala, kwa programu-jalizi (plugin). Sauti iliyopasuka kwenye maiki haizibiki, na iliyo safi unaweza kuipasua wakati wowote utakao. Kama unasikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptopu wakati wa kurekodi sauti, urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo ule ni umeme wetu wa hezi 50 unaopenya kwenye nyaya. Feni nayo izimwe, hata kama chumba ni cha bati na ni saa nane mchana.

Halafu kuchelewa. Hapa Pweza wa Les Paul anarudi. Kompyuta haipitishi sauti papo kwa papo, inakusanya kwanza sampuli kwenye akiba ndogo iitwayo bafa, ndipo inazishughulikia. Bafa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 ni milisekunde 23, na sauti inapaswa kuingia na kutoka, kwa hiyo MC anajisikia masikioni akiwa amechelewa kwa milisekunde 46 au zaidi. Kwenye wimbo wa taratibu atavumilia. Kwenye singeli ya mapigo 240, robo ya pigo ni milisekunde 62. Anayejisikia kwa kuchelewa hivyo atajivuta nyuma bila kujua, nawe utamlaumu kwamba hana taimu. Shusha bafa hadi 128 wakati wa kurekodi, kuingia na kutoka itakuwa kama milisekunde 6. Mashine ya zamani ikianza kutoa mikwaruzo, zima programu-jalizi zote kwanza, funga na kivinjari cha intaneti. Ukimaliza kurekodi rudisha 1,024 na uchanganye kwa raha. Laptopu isiyo na kadi ya sauti ya nje itakupa taabu kwenye hili, hasa ya Windows. Ikiwezekana pata kadi ndogo ya maiki moja kabla ya kufikiria spika kubwa.

Ngoma ikishakamilika, toa treki moja moja, kila moja kama faili la WAV, zote zianzie sekunde sifuri hata kama kigelegele kinaingia dakika ya tatu. Humo ongeza faili la maandishi: jina la wimbo, kasi ya mapigo, nani kaimba nini, nani kapiga nini, tarehe, mtaa. Hiyo ndiyo karatasi ya treki. Nakala moja ikae kwenye mashine, nyingine kwenye flashi iliyoko nyumba nyingine, kwa shangazi, popote pasipofika mwizi yuleyule. Kisha jaribu: nenda na flashi kwa rafiki mwenye programu tofauti kabisa na yako, buruta mafaili yote hadi sifuri, bonyeza kitufe cha kupiga. Wimbo ukiunganika, umehifadhi. Usipounganika, rudi nyumbani kabla hujafuta chochote.

Kikandamizi (compressor) na kisawazisha (EQ), nilivyoviahidi kwa leo, vinahamia juma lijalo. Aliyeniuliza kwa simu kutoka Chamazi kuhusu maiki ya dukani inayochomekwa moja kwa moja kwenye laptopu nitamjibu juma hilohilo, ila asiinunue kwanza.